Muulize Fundi: Daraja letu la horini linazibwa kila mwaka, kwanini halitulii?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mi nakaanga samaki hapa darajani kwetu juu ya hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, nje kidogo ya mji wa Tanga, ni daraja la zamani hata babu yangu alilikuta, gari zinapita moja moja mpaka huyu amsubiri yule. Kila baada ya muda wanakuja mafundi na ndoo zao za saruji, wanaziba nyufa wanapaka chokaa wanaondoka, ikipita masika moja zege linabanduka tena, tena pembeni ya palepale walipoziba, nondo ziko nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Sasa tunasikia litajengwa jipya, wazee wanasema hela za nini na nguzo bado zimesimama, si waongeze plasta nzito tu? Halafu wapimaji mbona wanapima pembeni huku kwenye mikoko na sio palepale lilipo?
Mkaanga samaki wa darajani

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hayo maneno yako "pembeni ya palepale walipoziba" ndio jibu lenyewe, umeliona mwenyewe ukiwa na karai lako la mafuta.

Iko hivi. Nondo ikiwa ndani ya zege zima haishiki kutu, saruji inaivisha kama ngozi ya kuilinda. Adui ni chumvi. Maji ya hori yanapanda na kushuka mara mbili kila siku, na huko kwetu Tanga siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) yanapanda zaidi ya mita 3, kila yakipanda zege linanyonya kidogo, yakishuka linakauka chumvi inabaki ndani, mwaka baada ya mwaka mpaka inaifikia nondo na kuivua ile ngozi. Kutu ikianza inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, basi inalipasua zege kutoka ndani. Kwahiyo ufa unaouona ni dalili tu, ugonjwa ulishaingia zamani.

Sasa mtu anakuja anachokonoa pale palipopasuka, anaweka zege jipya safi. Pale panapona kweli, lakini zege la jirani yake limejaa chumvi vilevile, na nondo ni ileile moja imepita huku na huku, basi kutu inahamia kwa jirani tena kwa kasi kuliko mwanzo. Ndio maana panabanduka pembeni. Ukitaka kutibu sawasawa ubomoe zege lote lenye chumvi mpaka nyuma ya nondo, na kwenye daraja la umri huo ukishamaliza kubomoa utakuta hakuna daraja lililobaki (sicheki, nimeshaona nguzo inagongwa nyundo na inalia kama debe tupu).

Wazee waambie hivi, maji yakipwa washuke waangalie nguzo pale kuanzia chaza walipoganda kwenda juu kidogo. Hapo panapolowa na kukauka ndipo panapoliwa na kutu zaidi, kule chini kunakokaa majini muda wote kutu inakwenda taratibu kwa sababu hewa ni haba. Na waangalie pia kitako cha nguzo kama tope limechimbwa na mkondo. Daraja linaweza kuwa limesimama vizuri tu juu, chini limebaki linaning'inia, siku ya mvua kubwa ndio mnajua.

Na uzito jamani! Lilipojengwa lori lilikuwa kitu kidogo, leo sheria ya mizani ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo wake mpaka tani 56, hapo sijamtaja anayekwepa mzani usiku.

Kupima pembeni ni kwa faida yenu, kwasababu la zamani litaendelea kupitisha watu hadi jipya liishe, hamtazungushwa njia ya mbali na samaki wako hawatakosa wateja. Kwenye daraja la mto Wami walifanya hivyohivyo, lile la mwaka 1959 la gari moja moja likabaki linatumika huku jipya la mita 513.5 linajengwa jirani yake, likaanza kupitisha magari 2022. Ila mikoko msiiachie ifyekwe ovyo, na mkiona wanataka kujaza tuta refu la udongo horini ili daraja liwe fupi na rahisi, hapo ulizeni kwenye mkutano, maana ukiubana mdomo wa hori maji yanapita kwa nguvu na yanaanza kuchimba nguzo mpya.

SWALI: Mgosi vipi, mi bodaboda. Nyumba ya mama imepigwa X ya kijani na watu wa barabara, ya jirani nyekundu. Tofauti ni nini?

JIBU: Kijani ni wa kulipwa fidia, barabara imemfuata yeye. Nyekundu ni aliyeifuata barabara akajenga ndani ya hifadhi yake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitoa hifadhi kwa barabara kubwa kutoka mita 22.5 ikaifikisha mita 30 kila upande kuanzia katikati, kwahiyo jirani kama alijenga kabla ya hapo na yuko kati ya namba hizo mbili asikae kimya, apeleke vielelezo vyake. Mama naye asisaini fomu ya uthamini mpaka ahesabu minazi yote, miembe, choo, kisima, apige na picha abaki na kopi.

SWALI: Sisi wavuvi ngalawa zetu zitapita chini ya hilo daraja jipya?

JIBU: Zitapita kama mtasema mapema kabla mchoro haujafungwa. Wapeni kimo cha mlingoti kutoka usawa wa maji, na nafasi ya chini ya daraja ipimwe siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa, msije mkapima maji mafu (siku yanapopanda kidogo) mkaja kulala nje ya hori.