Jina lako kwanza, hesabu baadaye

Mwaka nilioomba kupanda daraja, mjumbe mmoja wa kamati alinigeuzia kompyuta yake. "Dokta, mbona huku una pepa 2 tu?" Nilikuwa na makala 9 za utafiti, zote za kinga ya mwili, zote nimezitolea jasho.

Zile 7 hazikupotea. Nne zilikuwa kwa jina la baba, kabla sijaolewa. Tatu, mhariri alidhani jina langu la kwanza ndilo la ukoo, akalipindua. Sisi tuna majina matatu na tunayapanga tunavyojisikia, lakini mashine inayohesabu marejeo (mara ambazo wengine wametaja pepa yako katika zao) haimjui mke wa mtu. Kwake mimi nilikuwa watu watatu, kila mmoja maskini.

Jumamosi moja ya Agosti, upepo wa Dodoma ukipiga vumbi madirishani, nikakaa nikajisajili ORCID, daftari la mtandaoni la kuwatambua watafiti. Ni bure, ilianza mwaka 2012, na inakupa namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata ukiolewa mara tatu. Nikaziunganisha pepa zote. Kisha nikachagua jina moja la kuandikia mpaka nistaafu. Wewe usingoje kuitwa na kamati. Fanya hivyo kabla ya pepa ya kwanza.

Sasa hesabu yenyewe, maana wengi wanaiogopa bure. H-indeksi, kipimo cha pepa zako zinavyorejelewa, ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. H yako ni 4 ukiwa na pepa 4 zilizorejelewa angalau mara 4 kila moja, lakini huna 5 zilizofikia mara 5. Panga pepa zako kuanzia iliyorejelewa zaidi. Tuseme zimerejelewa mara 31, 14, 9, 5, 4, 2 na 0. Ya nne ina 5, inatosha. Ya tano ina 4 tu, haitoshi. H yako ni 4. Zile 31 hazikusaidii kuliko ambavyo 5 zingekusaidia, na h haiwezi kushuka hata ukilala miaka kumi. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, huhesabu hata tasnifu na mada za makongamano, kwa hiyo h yako huko mara nyingi ni kubwa kuliko ya Scopus, hifadhidata inayochagua majarida. Ukijaza fomu, andika umeitoa wapi.

Tena usijipime na wa fani nyingine. Sisi wa kinga tunarejeleana haraka kuliko watu wa hisabati, na pepa ya mapitio (inayokusanya tafiti za wengine) huvuna marejeo kuliko ya maabara. Wala haraka si kila kitu: mwanasayansi wa Japani Shimon Sakaguchi alichapisha kuhusu chembe T zinazozuia kinga isishambulie mwili wenyewe mwaka 1995, Nobeli ikamfikia 2025.

Niliwahi kutapeliwa pia. Barua pepe ya jarida moja iliniita profesa mashuhuri (nilikuwa mhadhiri msaidizi!), ikaahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili. Nikalipa. Baada ya muda tovuti ya jarida ikafa, na sampuli za damu za miaka miwili zikazikwa nayo. Siku hizi ninamwuliza kwanza mkutubi, naye ananiambia kama jarida limo PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, na kama wahariri wake ni watu wa kweli. Majarida mengi ya wazi (msomaji halipi, mwandishi ndiye hutozwa) hupunguza au kusamehe ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila uombe unapotuma, si ankara ikishafika.

Ninachokifurahia zaidi ni kusoma wanaonirejelea. Wengine wananipinga, na mashine inahesabu hilo kama sifa. Pepa yangu inayoongoza si ile niliyojivunia. Ni ile ya kutunza sampuli za damu zisiharibike njiani kutoka vijijini huko Mpwapwa na Kondoa hadi maabara. Tuliiandika karibu kwa hasira, baada ya gari kukwama kwenye matope. Nisingesoma walionirejelea, nisingejua kwamba wenzangu wana shida ileile, na utafiti wangu unaofuata usingezaliwa.

Jana kijana wa uzamili ameniletea rasimu. Ukurasa wa kwanza ameandika jina la babu mwisho, ukurasa wa pili la baba. Nimemrudishia bila kusoma matokeo.