Kapigana Iraq na Afghanistan, mbona hana uraia wala hela?

Ndugu zangu, swali lenu ni hili: kijana wa ukoo alikuja Marekani kwa grini kadi, akaingia jeshini, akapelekwa Iraq, kisha Afghanistan. Inakuwaje bado hana pasipoti ya huku, na kila akiombwa hela anasema hana?

Vita havimpi mtu uraia; fomu ndiyo inayompa. Askari aliyetumikia kwa heshima tangu 11 Septemba 2001 hasubiri ile miaka mitano ya wahamiaji wengine, na ada halipi. Lakini lazima ajaze N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, aambatanishe N-426, fomu ya kuthibitisha utumishi wake jeshini, achukuliwe alama za vidole, afanyiwe usaili, aape. Hapo ndipo wengi walipokwama: barua ya usaili inafika kambini, mwenyewe keshahamishwa. Wapo walioapishwa hukohuko vitani. 4 Julai 2009 askari 237 walikula kiapo Baghdad, ndani ya kasri la Al Faw lililokuwa la Saddam. Wengine walidhani kiapo cha kuingia jeshini kimemaliza kazi. Ni viapo viwili tofauti.

Kosa hilo lina gharama. Miguel Perez, mhamiaji wa Chicago aliyetumwa Afghanistan mara mbili, alifungwa kwa kesi ya dawa za kulevya, na kwa kuwa alikuwa na grini kadi tu, 2018 akarudishwa Mexico. Ilibidi gavana wa Illinois amsamehe ndipo arudi na kuapishwa 2019.

Kwa Mtanzania kuna kikwazo kingine. Mkenya, tangu katiba ya 2010, anaweza kushika pasipoti mbili. Mtanzania akiapa huku anapoteza uraia wa nyumbani, na asiye raia hamiliki ardhi kama nyinyi. Kwa hiyo msimwite mzembe haraka. Huenda anakifikiria kiwanja cha marehemu babu yake.

Sasa hela. Posho ya hatari vitani ilikuwa dola 225 kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa siku! Mwenye familia aliongezewa 250 kwa kutengana nayo, na mshahara wa huko haukatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Zile hela nene mlizosikia zililipwa baadhi ya wafanyakazi wa makampuni ya kandarasi, siyo askari wa kawaida.

Hela ya kweli, kama ipo, ni fidia ya ulemavu baada ya kutoka. Mwaka 2025 ulemavu wa asilimia 10 ulilipwa dola 175.51 kwa mwezi, na wa 100 kwa asiye na wategemezi dola 3,831.30. Hesabu yake ina ujanja: goti asilimia 50 na shingo 30 hazifanyi 80. Ile 30 inahesabiwa kwenye 50 iliyobaki, inakuwa 15; ukijumlisha na 50 ya goti inapatikana 65, inapandishwa hadi 70. Vijana wetu hukosa hata hiyo 10 kwa sababu ya kiburi cha nyumbani: mwanaume hasemi anaumwa. Goti likivimba anameza vidonge na kuendelea na zamu, hospitali ya kambi haina kumbukumbu yoyote, na miaka kumi baadaye anaulizwa ushahidi.

Kwenye mapafu mambo yamelegezwa. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 imemwondolea aliyekuwa Iraq au Afghanistan mzigo wa kuthibitisha kwamba pumu iliyompata baadaye ilitokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za huko. Aliyekataliwa fidia hiyo zamani aombe tena.

Mkizungumza naye, muulizeni cheti chake cha kutoka jeshini, DD-214, kipo wapi. Awe na nakala iliyoandikwa Member-4, maana ile ya Member-1 haionyeshi kama alitoka kwa heshima. Akishaipata, hahitaji tena sahihi ya jeshi kwenye N-426: aijaze mwenyewe, aambatanishe nakala hiyo na N-400, atume. Ada bado ni sifuri.