Mock Umepata Ngapi? Nionyeshe Alama, Divisheni Baadaye

Matokeo ya mock, mtihani wa majaribio, ya kidato cha sita yalibandikwa ubaoni jioni. Tukasukumana mpaka nikaliona jina langu: PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), Divisheni III ya pointi 14. Rafiki yangu wa dawati naye 14 ile ile. Tukagongeana mikono kama mapacha.

Wapi! Yeye alikuwa na E ya Fizikia, E ya Kemia na D ya Baiolojia: 5, 5, 4 (kwenye divisheni A ni 1, na pointi chache ndiyo bora). Mimi S, D na D: 6, 4, 4. Kwa divisheni tuko sawa, ila vyuo vinahesabu kwa kugeuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kigezo cha chini cha kuingia shahada ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya 4.0. D zangu mbili zilinifikisha hapo kwa kubahatisha. Masomo yake mawili bora yalimpa 3. Lakini yeye alikuwa na prinsipo tatu, na mimi S yangu ya Fizikia si prinsipo, nami nilikuwa naota udaktari, unaotaka prinsipo zote tatu. Sasa nani alifanya vizuri?

Ndiyo maana wadogo zangu wakinipigia, "Kaka, 14 ni nzuri?", nauliza kwanza kozi gani, halafu alama za kila somo.

D inaanzia 50 mpaka 59. Kemia nilipata 58, Baiolojia 51. Karatasini zote D, lakini 58 inagonga mlango wa C, na 51 swali moja likikuteleza uko kwenye E. Mimi binafsi nisingelihesabu somo kuwa salama kama halina angalau alama tano za akiba.

Fizikia ilikuwa 38. Nilikaa na ile karatasi, wino mwekundu umetapakaa, nikatenga alama nilizopoteza. Maswali mawili mazima yalikuwa ya elektroniki, mada ambayo hatukuwa hata tumeigusa darasani. Hapo nilipumua. Alama ya kutofundishwa na alama ya kutoelewa si kitu kimoja, na usiziombolezee kwa kilio kimoja. (Na wale wanaosema "mock wanabania, NECTA (mtihani wa taifa) utapanda tu," waulize watapanda kwa swali lipi.)

Miezi iliyobaki niliimaliza kwenye Fizikia. Kemia niliisukuma kidogo. Baiolojia nikaiacha, si D ipo?

Mei tukafanya mtihani wenyewe. Fizikia D, Kemia C, jumla Divisheni II ya 12. Nyumbani walichinja kuku. Baiolojia ilikuwa E, si ile D niliyoihitaji, na nilimla yule kuku nikijua udaktari umeshanipita.