Kwa Wajumbe Wapya wa Kamati ya Shule

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha kamati mpya ya shule yetu ya msingi, nikakaa nyuma kama inavyompasa mwenyekiti aliyemaliza muda wake. Ilipofika ajenda ya nne, mjumbe mmoja kijana alipendekeza majina ya wazazi wasiochangia chakula yabandikwe kwenye mlango wa ofisi, na wenzake wakapiga makofi. Nilikohoa mpaka nikaletewa maji. Wanangu, nawaandikia mapema.

1. Someni muhtasari kabla ya kuusaini, hasa yatokanayo, yaani mambo yaliyotokana na kikao kilichopita.

2. Zijueni hesabu. Ada ilipoondolewa hapa Tanzania kuanzia Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi za serikali ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo za kuletwa shuleni. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwezi, ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mpira wa miguu. Uji haumo. Mzazi akiwauliza kama elimu si bure, msimkemee. Mfungulieni leja aone.

3. Hapa kwenye uji ndipo nilipoharibu mimi. Mkutano wa wazazi ulikuwa umekubaliana kila kaya ilete debe la mahindi na kilo mbili za maharage kwa muhula, na kufikia katikati ya muhula wengi hawakuwa wameleta. Nikapendekeza kwenye kamati kwamba mtoto ambaye kwao hawajachangia asipange foleni. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu, alinyanyua kalamu akaniuliza, "Tuandike hivyo, mwenyekiti?" Nikamjibu aandike. Ajenda ile haikuchukua dakika tano, ilhali mjadala wa soda za wageni wa mahafali ulitumaliza saa nzima.

Siku ya pili yake nilipita saa nne kukagua masufuria, nikamkuta nyuma ya tangi la maji mtoto wa darasa la pili na kikombe chake cha kijani. Alikuwa amekinga maji ya bomba, akiyapuliza kama uji wa moto, ili wenzake waliokuwa mbali wasijue. Nilimfahamu. Bibi yake anayemlea alikuwa amekuja kwangu wiki moja kabla, akaomba alete kuni badala ya mahindi, nami nikamwambia, kwa sauti ya kiofisi ambayo hata mke wangu haijui, kwamba kamati iliamua mahindi. Tuliitisha kikao cha dharura tukafuta azimio, na bibi akaleta kuni mizigo minne, lakini yule mtoto hakupanga foleni ya uji mpaka shule ilipofungwa. Muhtasari wa kwanza ungali kwenye faili, na sahihi ni yangu.

4. Mifuko ya saruji ihesabuni kwa mikono yenu kabla ya kusaini hati ya mapokezi.

5. Msiitegemee posho. Mimi nililipwa siku mvua ya kwanza ilipopiga bati la darasa ambalo boma lake lilikaa miaka mitatu bila kupauliwa: mwalimu alinyamaza kwa sababu hasikiki, watoto wakanyamaza kusikiliza, nami nikasimama mlangoni nikitafuta pa kuvuja. Palivuja mahali pamoja tu, juu ya meza ya mwalimu.