Goti langu na ngazi za Réunion

SWALI: Jambo Papa. Kijana wangu anasoma kisiwani Réunion, nitamtembelea mwezi wa saba. Anataka tushuke pamoja hadi kreta (mdomo wa volkeno) ya Formica Leo. Nina miaka 58 na goti la kushoto linasumbua. Tena, volkeno yao si inalipuka kila mara? – Mama Zawadi, Himbi, Goma

JIBU: Mama Zawadi, mtu wa Goma aliyeona lava ya volkeno yetu Nyiragongo, ya 2002 na ya 2021, anaogopa kakilima kale? Formica Leo ni kadogo, kekundu, kalizaliwa 1753. Anayelipuka mara kwa mara ni mkubwa wake, Piton de la Fournaise, mita 2,632. Akianza kutikisika, serikali hufunga mlango wa kushukia. Ukiukuta umefungwa, rudini mle samaki.

Mimi naogopa ngazi. Kutoka Pas de Bellecombe, ukingoni juu, mnashuka ukuta mkali, ngazi zaidi ya 500, na kurudi ni hizo hizo. Hapo goti litasema. Beba fimbo, pumzika bila haya. Chini ni uwanja wa lava iliyoganda. Fuateni alama nyeupe za rangi, mtafika upesi. Msitoke njiani, changarawe ile inamomonyoka.

Anzeni alfajiri, mawingu hayachelewi. Mwezi wa saba ndiyo baridi yao: vaa koti lako la Masisi. Kijana akitaka kuendelea hadi Dolomieu, kreta kubwa iliyoporomoka 2007, aende na wenzake siku nyingine.