Maswali ya Wasomaji: Kuonja Mimea Katika Matembezi ya Bustani

Swali: Tunaanzisha matembezi ambamo wazee watawaeleza wageni matumizi ya mimea ya asili. Katika majaribio, kila mgeni alitaka kuonja. Tuwaruhusu?

Jibu: Ruhusuni mimea miwili au mitatu, iliyoandaliwa jikoni kabla wageni hawajafika. Mingine waitazame na kuinusa tu. Mmea wenye sumu ya wazi hausumbui sana, kwani ukitajwa watu huuogopa. Balaa ni ule unaolika baada ya kuandaliwa: mgeni akisikia "wazee walikula huu", kesho anauchuma na kuutafuna mbichi.

Wasimulieni habari ya nardoo, kangaga ya majini ya Australia. Burke na Wills, wapelelezi waliokwama Cooper Creek, waliishi kwa unga wake na kuzidi kudhoofika hadi wakafa mwaka 1861. Nardoo ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na Wayandruwandha wa eneo hilo walikuwa na namna yao ya kuiandaa. King, mwenzao aliyepokewa na wenyeji hao, alinusurika.

Kwa hiyo mzee aanze na jina, kisha sehemu inayotumika, msimu wa kuivuna, maandalizi, na chakula au dawa vije mwisho. Msimu usirukwe hata muda ukiwa mfupi. Magharibi mwa Marekani, vitunguu vya camas, mmea wa chakula wa wenyeji, hufanana mno na vya mmea wa sumu, Toxicoscordion venenosum, unaoota nao mbugani. Camas hutoa maua ya buluu, ule mwingine meupe yanayoelekea rangi ya maziwa. Maua yakishanyauka, hata mwenye uzoefu aweza kukosea. Tena camas hufukiwa shimoni juu ya mawe ya moto kwa siku moja au mbili, ili inulini yake, aina ya wanga tumbo lisiyoweza kumeng'enya, igeuke sukari. Isipoiva vizuri huvuruga tumbo.

Majani kama ya Tetragonia tetragonioides, mchicha wa pwani za Australia na New Zealand, yachemsheni dakika tatu na kumwaga maji, maana yana oksalati nyingi, kemikali inayoweza kudhuru figo. Ulizeni kwanza kuhusu mzio, ujauzito na ugonjwa wa figo. Kipande kisizidi ukubwa wa ukucha. Na msichume kando ya njia: huenda pamepigwa dawa, na kichaka kinachochumwa kila wiki hubaki fito.

Swali: Kundi liwe na watu wangapi, na kwa muda gani?

Jibu: Watu 12, wasizidi 15, la sivyo wa nyuma hawasikii wala hawaoni jani. Dakika 90, vituo sita hadi vinane, kila kimoja kivulini na kiti cha mzee. Piteni njia yote siku moja kabla. Maua mliyoyategemea huenda yameshapukutika.

Swali: Mgeni anataka kurekodi maelezo ya dawa. Tumzuie?

Jibu: Aamue mzee, na aamue kabla ya matembezi, si mbele ya kamera. Kaeni naye mgawe maarifa mafungu matatu: ya kusemwa na kurekodiwa, ya kusemwa tu, na yasiyotoka kwenye jamii. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010, inataka idhini ya jamii na mgawo wa faida pale watafiti wanapotumia maarifa ya jadi yanayohusu mimea. Mgeni akiwa wa kampuni ya vipodozi au dawa, mazungumzo hayo yafanyike mezani, kwa maandishi.