Muulize Mwalimu: Lodi Aliyekuwa Akikabidhi Ofisi

SWALI: Salaam Mwalimu. Mimi ni mstaafu wa Posta na Simu, naishi Nansio. Asubuhi tunakaa kijiweni karibu na gati, tunakunywa chai na kungoja kivuko kinachotoka Mwanza. Juzi mwenzangu alidai kwamba lodi wa Kiingereza ni kama mtemi wa zamani: ana nchi yake, ana watu wake, kazi yake ni kula jasho lao. Nikamwambia niliwahi kusikia kazini kwamba lodi mmoja alikuwa waziri wa posta. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Tumewekeana sato mzima. Nani anamlipa mwenzake?

JIBU: Sato ni wako, mzee mwenzangu. Ila mkatie kichwa, maana hakukosea pote.

Lodi wako ni William Hare, Earl wa tano wa Listowel (Earl ni cheo cha ulodi wa kurithi). Aliongoza posta ya Uingereza kuanzia 1945 hadi Aprili 1947, na enzi hizo posta yao ilishika barua na simu kwa pamoja, kama hiyo uliyoitumikia wewe. Mimi nilimfahamu kwa njia ya mzunguko. Nikiwa chuo cha ualimu nilisoma kitabu kuhusu safari ya Tanganyika kwenda kwenye uhuru, kilichotoka 1965, na mwandishi wake alikuwa mama wa Kihungaria anayeitwa Judith, Countess wa Listowel. Nikajiuliza, huyu mama na Tanganyika wapi na wapi? Kumbe alikuwa mke wa lodi huyo, wakaachana 1945. Cheo akabaki nacho, na kalamu pia.

Tuje kwenye nchi yake. Listowel ni mji mdogo wa Kerry, Ireland, na Ireland hiyo ilijitenga na Uingereza 1922. Baba yake alipofariki 1931, kijana huyu, umri hauzidi miaka 25, alirithi jina la mji ulioko nchi ya watu. Hakuwa na mamlaka huko hata ya kumfukuza mbuzi barabarani. Na kiti cha bungeni hakukipata kwa jina hilo kubwa, alikipata kwa cheo kidogo walichokuwa nacho pembeni, Baron Hare. (Hare kwa Kiingereza ni sungura. Msicheke.)

Kiti chenyewe kilikuwa katika House of Lords, lile baraza la juu la bunge la Uingereza ambalo vitabu vyetu viliita Baraza la Makabaila. Wale tuliosoma siku za Azimio la Arusha tunakumbuka kabaila lilivyokuwa karibu tusi. Ukimwita mwenzako kabaila uwanjani, mnapigana. Ndiyo maana namkatia mwenzako kichwa cha sato. Mtu kuingia bungeni kwa sababu tu baba yake amekufa ni jambo ambalo hata mimi, na mvi zangu, sijawahi kulimeza. Ajabu ni kwamba kabaila huyu alikuwa mwanachama wa Labour, chama cha wafanyakazi, wakati mdogo wake John alikuwa waziri wa Conservative, chama cha wahafidhina. Na kura alipigiwa: kuanzia 1937 hadi 1946 alikuwa diwani katika baraza la London, akiwakilisha Lewisham Mashariki.

Lakini kinachonivutia kwake ni aina ya kazi alizopewa. Wewe wa posta unajua kukabidhi ofisi. Unahesabu stempu, unahesabu muhuri, unafunga sefu, unasaini daftari, unatoa ufunguo. Basi huyu bwana alikuwa akikabidhi ofisi ambazo baada yake haingii mtu. Aprili 1947 alitolewa posta akawa waziri wa India na Burma. Agosti mwaka huo India na Pakistan zikajitawala, na cheo cha waziri wa India kikafa. Akabaki na Burma, nayo ikajitawala Januari 1948, cheo cha pili kikafa. Tusimvike joho lisilo lake: maamuzi mazito yalikuwa ya waziri mkuu Attlee kule London na Mountbatten, mwakilishi wa mfalme, kule Delhi. Baada ya hapo, hadi 1950, alikuwa waziri mdogo wa makoloni, na Tanganyika yetu ilikuwa chini ya wizara hiyo.

Mwaka 1957 akapelekwa Ghana kuwa Gavana Mkuu. Nchi ilikuwa imeshapata uhuru Machi, Nkrumah ndiye waziri mkuu, na Gavana Mkuu alimwakilisha Malkia tu: anafungua bunge, anasaini sheria, anafuata ushauri wa mawaziri. Julai 1, 1960 Ghana ikawa jamhuri, Nkrumah akawa rais, na Listowel akakabidhi ofisi kwa mara nyingine. Kwetu Turnbull, Gavana Mkuu wa Tanganyika, alipita njia hiyohiyo Desemba 1962. Kisha Listowel akarudi barazani kwao, akasimamia kamati kuanzia 1965 hadi 1976. Alifariki 1997 akiwa na miaka 90.

Sasa huko kufananisha lodi na mtemi. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Bujora, pale Kisesa. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi, na ngoma za watemi, ngozi zimekauka ngumu kama kwato. Msichana mmoja akauliza kama mtemi akifa mwanawe wa kwanza ndiye anayekalia. Mzee mwenyeji akasema zamani hapana, banang'oma, wazee washauri wa utemi, walikaa wakachagua, mara nyingi kutoka kwa watoto wa dada zake mtemi. Mwana kumrithi baba kulizoeleka baadaye, wakati wa mkoloni. Kwa hiyo mtemi wa kale alikuwa na mchujo ambao lodi hakuwa nao!

Utemi tuliufuta kisheria 1963. Mwaka huohuo Uingereza iliruhusu mtu kukataa ulodi aliorithi, na Tony Benn akawa wa kwanza kuutua ili arudi kuwa mbunge wa kuchaguliwa. Wenye kurithi waliondolewa wengi barazani 1999, wakabakizwa 92. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Listowel, aliyepigiwa kura na malodi wenzake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Je, binti anaweza kurithi ulodi? Msomaji, Kirumba.

JIBU: Marahaba, binangu. Mara nyingi hapana. Dada akiwa mkubwa, mdogo wake wa kiume anamruka. Vyeo vichache, hasa vya Uskoti, hupita kwa binti asiye na kaka. Wanawake hawakuketi katika baraza hilo kabisa mpaka 1958, ilipokuja sheria ya malodi wa maisha, wale wasiorithisha. Kati ya wanaume wa kwanza kupewa ulodi huo ni Edward Twining, aliyekuwa ametoka tu kuwa gavana wetu. Akajiita Baron Twining wa Tanganyika na Godalming. Godalming ni mji wa Surrey, Uingereza. Hiyo Tanganyika hakutuuliza.